Kofia ya Maua ya Plastiki

Mwaka 2017 nilikuwa mtu mweusi pekee katika klabu ya wazee kule mtaa wa Observatory, jiji lile lile lenye Soweto, wale wanaoviringisha mipira kwenye nyasi wamevaa nyeupe tupu. Usiniulize fundi cherehani wa Tanga alifikaje huko. Walinipa kazi ya kuwashonea sketi, nikazipeleka, nikawaona wanacheza, nikapagawa. Wiki ya pili nilikuwa nimejishonea yangu.

Mipira ile ina upande mmoja mzito wenye alama ndogo, na huko ndiko inakopinda. Ukishika mpira kinyume, unaishia uwanja wa majirani. Mwenye kosa hilo anagongewa kengele, anavalishwa kofia kuukuu ya ukindu yenye maua ya plastiki, na anawamiminia wenzake chai mpaka jioni. Mwenyekiti, bibi wa miaka themanini, nilimwona akiivaa mara tatu, na kila mara alitembea nayo kwa madaha kama bi harusi.

Mimi niliapa kofia ile hainigusi. Nikiivaa, watasema hawa watu ndivyo walivyo. Watu gani? Wote, kuanzia Tanga hadi Soweto, na hakuna hata mmoja aliyenituma. Nilikuwa wa kwanza kufika, sketi imenyooka, sauti ya chini. Nikishikwa na mafua nilibaki nyumbani, weusi wasije wakaonekana wana mafua.

Na wenzangu wa Jeppestown, mtaa niliofanyia kazi, walizidi kunitia ndimu. Cherehani yangu ilikaa ndani ya saluni ya rafiki yangu, msusi wa Lubumbashi, mdogo wangu kwa miaka kumi lakini mdomo wake una miaka mia. Saluni nzima ilijua ratiba ya mechi zangu. Wateja wakitoka kanisani wananiambia wameniombea, nisiwaangushe. Eish, hata timu ya taifa haiombewi vile.

Siku ya fainali msusi alifunga saluni akaja na wateja wawili, mmoja amesukwa nusu kichwa. Nilifurahi mno. Ulibaki mpira mmoja, wangu, na tulihitaji pointi moja tu. Niliwapungia, nikainama, nikauachia. Ulianza vizuri, moyo ukapaa. Kisha ukageukia kulia kama mbuzi aliyeona mlango wa jiko uko wazi, ukakata uwanja wa pili, ukaishia miguuni mwa mzee aliyekuwa anakula sandwichi.

Kengele haikulia.

Nilisubiri. Mwenyekiti aliitazama kofia pale kwenye msumari wake, akanitazama mimi, halafu akatazama viatu vyake. Wengine nao wakawa wanatafuta kitu kwenye nyasi. Ndipo nikaelewa, na iliniuma kuliko kukosa pointi. Waliogopa ionekane Wazungu wanamcheka mwanamke mweusi. Miezi minane nilidhani mimi ni mwenzao, kumbe nilikuwa mgeni wa heshima. Na ule ugeni nilijiletea mwenyewe pia, kwa ule unyoofu wangu.

Msusi alisogea mpaka ukingo wa nyasi, mikono kiunoni.

"Yaya, banaogopa nini?" akasema; kwao yaya ni dada mkubwa. "Vala kofia yako. Ni weye njo umekosa, hapana siye bote."

Kicheko kilinitoka hadi nikakaa chini, na sketi nyeupe ikapata doa la kijani. Nilicheka peke yangu, kisha saluni ikadakia, kisha mzee wa sandwichi. Niliinuka nikaenda kwenye msumari, nikaivaa kofia, nikaigonga kengele mimi mwenyewe, si mara moja, mara tano. Mwenyekiti alikuja mbio na fimbo yake kuniwekea ua moja sawa, akaniambia limemkaa vibaya yeye miaka yote.

Tulishindwa fainali. Nilimimina chai mpaka jioni, maua yakiniangukia machoni, nikajiona mwepesi kiasi kwamba ningeweza kuruka uzio. Mzee wa sandwichi alionja kikombe chake, akakunja uso, akasema chai yangu ni mbaya.

Ilikuwa mbaya kweli. Nilimwambia asiwasingizie watu, Tanga wanapika chai nzuri sana. Hii ni yangu mimi.