Nilivyopeleka Msiba wa Evaristo Jumuiyani

Chekeni tu, hata mimi nikipita pale kwa mwinjilisti bado najifunika khanga usoni, bibi mzima nimesimama mbele za Mungu na majirani kumwombea mjane wa kwenye televisheni.

Zamani tamthilia ilikuwa na siku yake, ukikosa umekosa, unamuuliza jirani, na moja inaweza kuwapeleka mpaka mtoto aliyezaliwa mwanzoni anatembea. Siku hizi mjukuu wangu Happy ameunganisha televisheni na intaneti, msimu wote unamwagwa kwa mpigo kama maharage kutoka kwenye gunia, ule mpaka uvimbiwe. Sisi wanawake wa huku Uru tukakataa: kila Alhamisi kwangu, sehemu moja, chai, kila mtu kwao. Aliyeweka sharti ni rafiki yangu Elinsia (tulipata kipaimara pamoja, yeye, mimi, Ndeshi, Anaeli na marehemu Ruth). Akasema, "Atakayetangulia kuangalia, simjui tena."

Basi siku moja ya mvua Happy akaniwekea tamthilia ya zamani, ile tuliyoililia sisi wote. Kumbe nazo zinazeeka! Yule bwana tuliyempenda suruali imepanda mpaka kifuani, simu yake kama tofali, kufungua mlango tu ni nusu saa ya muziki. Nikasema, "Happy, mwondoe huyu, niwekee ya Marsela, ile yetu ya Alhamisi, kidogo tu." Kidogo gani jamani, mpaka ng'ombe akalia hajakamuliwa mimi nipo tu, nikamaliza msimu, na Evaristo, mume wa Marsela, yule mpole, akafa kwa sumu.

Jumamosi jumuiyani mwinjilisti Ndekirwa akasema, "Bibi, tuombee." Nikafumba macho, nikaombea kahawa, wagonjwa, wasafiri, nikanogewa, mdomo ukaendelea wenyewe: "Na umfariji Marsela, Bwana, maana Evaristo amemwacha na mtoto tumboni."

"Mae!" akapiga kelele mtu. Nikafungua jicho moja. Elinsia ananitazama kama amenikuta na mkungu wake wa ndizi kichwani.

Mwinjilisti (yeye tamthilia hajui) akasema, "Poleni sana. Evaristo huyo ni wa Rombo?"

"Mbali kidogo," nikajibu. Hapo ndipo ningesema kweli, lakini aibu ikanishika ulimi, na mara jirani mmoja anaahidi maziwa, mwingine ndizi, Mzee Kisanga anatoa gari lake la majani ya ng'ombe litupeleke kwa mjane.

"Na mazishi ni lini?" akauliza mwinjilisti.

Elinsia akajibu taratibu, "Muulizeni bibi, si ameshafika mpaka kaburini?"

Ikabidi niseme yote, televisheni na sumu. Walicheka mpaka baraka ya mwisho haikusomwa.

Lakini Elinsia hakucheka, na Alhamisi wenzake walikuja, kiti chake kikabaki kitupu, chai sikuionja. Kesho yake nikakata jani la isale kihambani, kwenye migomba yangu (kwetu ukiletewa isale kuombwa msamaha, huna ruhusa ya kukataa), nikampelekea. Akalipokea uso umekunjamana.

"Nimekusamehe kwa sababu ya jani, siyo kwa sababu yako."

"Aika, dada yangu," nikamshukuru.

Akachungulia nje, akafunga mlango. "Haya, kaa. Aliyeweka sumu ni nani?"

Sasa kila Alhamisi tunakaa mbele wawili, tunashtuka kuliko wote. Na jumuiyani nikiambiwa niombe, naombea mvua, nasema amina, nakaa.