Walificha Jina, Wakaanika Kifua

"Sikilizeni hii ya serikali!" Muuza mitumba wa meza ya jirani alinyanyua simu juu kama mhubiri, akasoma kwa sauti ya kushinda redio. "Mlalamikaji ni mjane, anauza ndizi soko la Kiboriloni. Mzaliwa wa Uru, ameolewa Machame. Aliondolewa titi la kushoto kwa saratani. Titi la bandia alilouziwa limepasuka..."

Hakumaliza, wala hakukuwa na haja. Soko liligeuka, na hakuna aliyenitazama usoni.

"Kumbe ndiyo maana khanga huivui hata juani!" akasema mteja wangu. Muuza dagaa akadakia: "Dada, tuonyeshe basi, lipi la Mungu na lipi la dukani?"

Wakacheka. Niliweka chini mkungu niliokuwa nao mikononi, nikaondoka bila kumwambia mtu anilindie meza.

Mpaka siku ile, nje ya hospitali alijua wifi yangu tu, wa Machame, aliyeniuguza. Mama yangu, aliyeko Uru, sikumwambia. Alishazika watoto, nikaona mzigo huu asiubebe. Nilimdanganya kwamba nipo Machame navuna kahawa.

Titi lile nililinunua mjini, duka la vifaa vya hospitali. Unalivaa ndani ya sidiria, na ukishavaa nguo hakuna anayejua. Halikukaa, likapasuka, likawa linatoa ute unaonata. Nilipolirudisha, mwenye duka alinijibu mbele ya watu: "Mama, hili umelibebea ndizi." Ndipo nikaenda ofisi ya serikali inayopokea malalamiko ya wanunuzi.

Na huko nikafanya kosa la watu wa mlimani. Sisi hatuanzi na shida. Ukifika kwa mtu unasema kwanza wewe ni binti wa wapi, umeolewa wapi, unakula kwa kazi gani, ndipo usikilizwe. Bila hivyo wewe ni mpita njia tu. Mimi niliishia darasa la tano, adabu nyingine sikufundishwa. Basi nikajieleza yote, na ofisa akawa ananiitikia, "Endelea, mama," huku anabonyeza kompyuta. Nikafurahi, nikasema leo nimepata mtu. Hakuniambia hata mara moja kwamba maneno yale yatakwenda kwenye tovuti yao, dunia nzima isome.

Baada ya aibu ile ya sokoni nilirudi kwake.

"Tulia, mama," akasema. "Jina lako tulilitoa. Tunaweka malalamiko ili wanunuzi wengine wajihadhari."

"Jina? Kiboriloni nani ananiita kwa jina?"

Akaingia kwa bosi wake. Mlango ulikuwa wazi, nikamsikia bosi: "Mwambie jina halipo. Analalamikia nini tena?"

Baadaye waliyafuta maneno yale, lakini watu walishayapiga picha wakatumiana, na yakapanda Uru kabla yangu.

Nilimkuta mama mlangoni anamenya ndizi. "Shikamoo, mama." Marahaba ilichelewa.

"Serikali imejua," akasema. "Soko limejua. Mimi niliyekunyonyesha nimeambiwa na watu nje ya kanisa."

"Mama, sikutaka uumie."

"Haya. Umenisaidia." Akaendelea kumenya. Hakuniuliza kama panauma. Tangu siku hiyo nikienda ananiwekea chai kwenye kikombe cha wageni, tunakunywa, naondoka.

Sokoni nimerudi, nile nini? Wenzangu niliokuwa nakula nao mchana wananisogezea sahani kwa upole mwingi, kisha wanahamia upande wa pili, kwenye kicheko. Muuza mitumba alikuja kuniomba radhi, na mwenye duka ni mfanyabiashara, sikutarajia huruma yake. Lakini ofisa na bosi wake ndio niliowaendea kutafuta haki, na ndio walionivua nguo.

Kwetu aliyekosa huja kuomba msamaha na jani la isale mkononi. Akija nalo, huwezi kumfukuza. Hawa walinipa namba ya kupiga simu, nayo haipokelewi.

Mimi sitaki simu. Nataka ofisa yule na bosi wake wapande Uru, wakae mbele ya mama yangu, wamweleze kwa midomo yao nani aliwapa ruhusa ya kuitangazia dunia ugonjwa wa mwanawe. Mimi nimeshindwa kumjibu. Njooni mmjibu nyinyi.