Fundi wa kobe na sikio la mbwa aliyekwenda angani

Jumanne, saa mbili kasoro robo asubuhi. Mawingu yametanda na hakuna upepo, jambo linalowafurahisha mafundi wa mawe kwa sababu vumbi halisafiri mbali.

Chini ya turubai la bluu, mwanamke wa miaka hamsini na sita amepiga magoti mbele ya mbwa. Mbwa huyo ni wa jiwe la kijivu. Ameketi, na kimo chake kinafika kiunoni mwa mtu mzima. Mwanamke anachovya msasa kwenye ndoo ya maji, anasugua ubavu wa mbwa, anapangusa kwa kitambaa, anapapasa kwa kidole gumba, kisha anarudia.

"Mzuri," anamwambia mwandishi aliyemtembelea, bila kuulizwa. "Mzuri mno. Ningekuwa nimemchonga mimi, ningekuwa napata usingizi."

Hakumchonga yeye. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kila anayeingia katika karakana hii huambiwa, na mwenye kulisema ni yeye mwenyewe.

Wenzake humwita Nukta. Ni fundi wa mawe kwa miaka thelathini na mmoja. Amechonga vibao vya majengo, ngazi, mabeseni na mawe ya makaburi yasiyo na idadi. Kucha zake mbili hazioti tena. Kila asubuhi hukohoa hadi yapata saa tatu.

"Miaka kumi ya mwanzo hatukujua barakoa," anasema. "Tulikuwa tunajifunga leso puani, tunajiona wajanja."

Mbwa anayesuguliwa ni sehemu ya kazi iliyoagizwa na kituo cha sayansi kilicho mtaa wa pili. Jumamosi kituo hicho kitafungua bustani ndogo ya kuwaenzi wanyama waliorushwa angani. Nzi wadogo wa matunda walirushwa mwaka 1947. Mwaka 1957 alikwenda mbwa, mnyama wa kwanza kuizunguka dunia, ambaye hakuandaliwa njia ya kurudi. Baadaye walikwenda sokwe, paka na wengine wengi. Mwaka 1968 kobe wawili waliuzunguka mwezi na kurudi hai.

Kwa sasa kituo kina nafasi ya sanamu mbili tu. Mbwa atakaa langoni. Kobe wawili, juu ya mwamba mmoja, watakaa nyuma, karibu na tangi la maji. Waliosalia wataandikwa kwenye kibao.

Kobe ndio kazi ya Nukta.

"Langoni mbwa, kwenye tangi kobe," anasema, akikamua kitambaa. "Mtu akitaka kuwaona wangu, labda awe amepotea akitafuta choo."

Mbwa alichongwa na wifi yake, dada wa mumewe, mwenye miaka arobaini na mmoja. Ni Nukta aliyemleta hapa miaka tisa iliyopita, baada ya duka la vitambaa alilokuwa akiuza kufungwa. Ni yeye aliyemfundisha kushika tindo na kulisikiliza jiwe linapotaka kupasuka.

"Alikuwa anagonga dole lake kuliko jiwe," anakumbuka. "Nikamfunga bandeji kwa mikono yangu. Leo yeye ana manyoya, mimi nina magamba."

Mgawanyo wa kazi ulifanywa na mwenye karakana, mzee mfupi anayevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Malipo ya siku ni sawa kwa mbwa na kwa kobe. Kinachomuuma Nukta ni sababu aliyopewa.

"Aliniambia mbele ya watu, 'Wewe mkono wako mzito, mkono wa gamba. Manyoya yanataka mkono mwepesi.' Mkono wa gamba! Miaka thelathini na mmoja!"

Mwenye karakana hakanushi. "Nilisema," anajibu kutoka ofisini, mlango ukiwa wazi. "Na kobe wake nimewaona. Mkono wa gamba si tusi."

"Unaona?" anasema Nukta.

Anasugua mbwa wa mwenzake kwa sababu ya kanuni ya karakana hii, inayoitwa jicho la pili. Hakuna fundi anayemalizia sanamu yake mwenyewe. Aliyechonga, wanasema, huona alichokusudia kuchonga. Kwa hiyo kazi hukabidhiwa mwingine, ambaye huikagua kwa kuilinganisha na picha, husema makosa siku hiyohiyo, kisha ndipo huanza msasa. Wifi anasugua kobe upande wa pili wa ghala. Nukta anasugua mbwa.

Picha ambayo kituo kiliichagua imebandikwa kwenye nguzo. Nukta anatazama mlango wa ghala, anashusha sauti na kuinyooshea kidole.

"Hebu tazama masikio."

Katika picha, sikio la kushoto la mbwa limesimama na la kulia limekunjika. Katika jiwe ni kinyume chake.

Kosa hilo haliwezi kufanywa na mtu asiye fundi wa mawe. Kabla ya kuchonga, picha hukuzwa na kunakiliwa kwenye karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga, kisha nailoni hulazwa juu ya jiwe na michoro hugongwa kwa sindano ya chuma. Nailoni ikigeuzwa, kushoto huwa kulia. Ndiyo maana Nukta, miaka mingi iliyopita, alianza kutia nukta ya kalamu nyekundu kwenye pembe ya juu, upande wa kulia. Ukiiona nukta kushoto, umegeuza. Karakana nzima ikaiga, na yeye akapata jina.

"Kasahau nukta," ananong'ona. "Nukta yangu mimi! Kitu cha kwanza nilichomfundisha."

Aliliona kosa hilo siku kumi na mbili zilizopita, alipokabidhiwa mbwa. Kanuni ilimtaka aseme. Hakusema. Anajua kwamba Jumamosi picha hiyohiyo itawekwa kando ya sanamu ili watoto walinganishe, na hakuna mtoto atakayeshindwa kuona.

"Nilitaka waone," anasema. "Sikufichi. Kila nikifungua mdomo, mkono wa gamba unanirudia kooni."

Anatia msasa majini na kuendelea.

Saa nne wifi anakuja na chupa ya chai na vikombe vitatu, kimoja cha mwandishi. Ni mwanamke mrefu, mwenye vumbi kwenye nyusi. Anamzunguka mbwa, anampiga kofi dogo mgongoni.

"Wifi, unamsugua au unamchuna? Ataanza kulia sasa hivi."

"Akilia nitamwambia mamake yuko huku anakunywa chai."

"Mwenye wivu ajinyonge, lakini kwanza amalize msasa." Wifi anacheka, anamimina chai na kumpa Nukta kikombe cha kwanza. "Kunywa, wifi yangu. Sukari yako nimeitia mbili, usije ukasema nimekubania na hiyo."

Wanakaa juu ya magunia. Nukta anamwambia kwamba Jumamosi yeye ndiye atakayepigwa picha langoni, avae kitu cha maana, asiende na hiyo aproni kama mpishi wa jela.

Wifi hacheki safari hii. Anakizungusha kikombe mkononi.

"Unajua tangu unikabidhi wale kobe nimekuwa nakuonea kijicho?" anasema.

"Mimi? Kwa lipi? Kwa tangi la maji?"

"Wako walirudi." Wifi anamtazama mbwa. "Wewe kila ukigonga ulikuwa unachonga watu waliofika nyumbani. Mimi siku thelathini na tano nachonga macho ya mtu anayefungiwa mlango, na waliomfungia wanajua. Nimemaliza pua, nikatoka nje nikalia nyuma ya ghala. Ningepewa kobe, wallahi nisingelalamika. Ukiwasugua wale unasikia raha. Wameshiba safari."

Nukta anamaliza chai. Anaweka kikombe chini. Anatazama mikono yake, ananyanyuka, anabandua picha kwenye nguzo na kuishika sambamba na kichwa cha mbwa.

"Wifi, njoo hapa. Masikio."

Wifi anatazama. Inamchukua muda mfupi. Anaweka kiganja kinywani.

"Nailoni."

"Nailoni."

"Umeona lini?"

"Alhamisi ya wiki ile nyingine."

Wifi anahesabu kwa vidole. "Siku kumi na mbili? Siku kumi na mbili unanitazama tu? Na chai yangu unakunywa!"

"Nimekunywa."

"Na sukari mbili!"

"Nilikuwa na hasira, wifi. Nilitaka uaibike. Sasa sitaki tena. Nitukane ukimaliza, ila tumwite mzee kwanza."

Mwenye karakana anakuja na miwani yake miwili. Analitazama jiwe kwa ule wa machoni, kisha kwa ule wa kichwani. Hapandishi sauti. Anamwambia wifi kwamba kosa ni lake. Anamgeukia Nukta na kumwambia kwamba kunyamaza ni kosa kubwa zaidi. Lingesemwa siku ileile, wangekuwa na wiki mbili za kurekebisha. Sasa wana siku tatu.

Sikio lililosimama linaweza kukatwa na kuchongwa upya likiwa limekunjika, kwa kuwa jiwe lipo. Lililokunjika haliwezi kusimamishwa. Dawa ni kupachika kipande kipya kwa kijiti cha chuma na gundi iliyochanganywa na unga wa jiwe lenyewe. Kipande hicho sharti kitoke kwenye mwamba uleule, la sivyo mvua ya kwanza itaonyesha kiraka. Mabaki ya mwamba ule yalikwishasagwa.

"Hakuna jiwe," anasema mwenye karakana.

"Lipo," anasema Nukta.

Kobe walichongwa kutoka mwamba huohuo. Pembe moja ya kitako chao ina unene wa kutosha. Pembe hiyo ndiyo yenye alama ya fundi. Kila fundi hapa huruhusiwa alama moja tu katika kazi yake. Ya Nukta ni nukta iliyochimbwa, ukubwa wa punje ya mahindi.

Anachukua grenda ya kukatia mawe. Wifi anamshika mkono.

"Wifi, hapo ndipo jina lako lilipo."

"Najua lilipo. Nimeliweka mimi. Sogea, usije ukala vumbi."

Anakata pembe. Kazi inachukua dakika nne.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa za kazi bila maongezi mengi. Mwenye karakana alitaka wifi arekebishe kosa lake mwenyewe. Alilikunja sikio la kulia vizuri, lakini ilipofika zamu ya kipande kipya, alirudisha tindo mezani.

"Hili siligusi," alisema. "Na hasira bado sijamaliza. Achonge yeye. Jiwe ni lake."

Nukta alichonga sikio la kushoto Alhamisi nzima, kwa tindo nyembamba kuliko zote, unyoya kwa unyoya. Mwenye karakana alipita mara tano. Mara ya tano alipapasa sikio kwa kidole gumba, akaguna, akaenda zake.

"Kuguna kwake ndiyo cheti," alisema Nukta. "Nitakitia fremu."

Sikio lilipopachikwa, wifi, aliyekuwa jicho la pili, aliinama kulikagua. Ndani ya sikio, mahali ambapo mtu mzima hawezi kuona asipoinama, palikuwa na nukta ukubwa wa punje ya mahindi.

"Hii nini?"

"Jiwe lilitokea hivyo."

"Jiwe, eti! Unaingia ndani ya mbwa wangu mpaka masikioni!"

"Basi izibe."

Wifi alichukua msasa, akasugua pande zote za sikio, akaiacha nukta.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, jua likiwa kali, bustani ilifunguliwa. Msimamizi wake, mwanamke aliyekuwa mwalimu wa fizikia, alisema maneno machache.

"Hawa hawakuulizwa kama wanataka kwenda," aliwaambia wageni. "Angalau tuwajue."

Watoto walilinganisha picha na sanamu. Mmoja, mfupi kuliko wenzake, alichungulia sikio la kushoto na kutangaza kwamba mbwa ana kishimo. Nukta alimwambia hiyo ni saini ya fundi. Mtoto aliuliza kama fundi ni yule mama aliyepigwa picha. Nukta alijibu kwamba yule alichonga mbwa, ila sikio lina mwenyewe.

Mchana ulipofika, kila mtu alishika lake.

Msimamizi alifunga lango, akaandika barua ya kuomba fedha za sanamu ya tatu, ambayo aliwaambia mafundi itakuwa paka.

Mwenye karakana aliongeza kanuni ukutani: jicho la pili likinyamaza hata siku moja, halitapewa sanamu mwaka mzima. Hakusema kama inaanza na Nukta.

Mume wa Nukta, dereva wa lori la mawe, alimpiga picha mbwa wa dada yake, akasahau kobe, akarudishwa na mkewe kuwapiga.

Wifi alikwenda nyuma kwenye tangi la maji, akakaa na kobe hadi alipoitwa mara ya tatu.

Nukta alisimama langoni akihesabu. Watu mia mbili na kumi na wanne walimtazama mbwa. Kumi na tisa walifika kwa kobe. Kumi na tisa hao aliwafuata mmoja mmoja na kuwashukuru.

Jumatatu, saa moja na nusu, alikuwa wa kwanza kugonga mlango wa ofisi. Alikuwa ameshika nailoni safi, pembe yake ya juu upande wa kulia ikiwa na nukta nyekundu.

"Nataka paka," alimwambia mwenye karakana. "Nimesoma habari zake. Alikwenda, akarudi salama, halafu wakamuua wamchunguze kichwa. Huyo hataki mkono mwepesi. Anamtaka aliyekwishachonga wa kurudi na wa kutorudi. Mimi nina kobe, na nina sikio."

Mwenye karakana alivuta droo, akatoa nailoni nyingine, yenye nukta nyekundu pembe hiyohiyo, na kuilaza mezani kando ya ile ya Nukta.

Wifi yake alikuwa ameileta tangu Jumamosi jioni, naye akimtaka paka huyohuyo.