Mirehani Chini ya Kulabu ya Karabai

Mamangu alikuwa na mbegu za mrehani alizozifunga katika pindo la leso, kidogo tu, za kubana kwa vidole viwili. Asili yake ni Pate, kwa mamake. Kila mwaka alizipanda darini, juu penye jua, na kuvuna nyingine, mpaka magoti yalipomkataza ngazi na mirehani ikakauka. Sasa binti yangu alikuwa aolewe baada ya miezi mitatu, na bibi yake alishaapa kwamba kikuba cha bibi harusi, kile kishada cha maua cha kifuani, hakitatiwa rehani ya sokoni.

Mimi kiapo hicho kiliniuma, na nilikuwa na sababu. Harusini kwangu nilivaa kikuba cha kununua. Mama alikuwa amenuna, hakumtaka bwana niliyemchagua, na siku ile hakugusa hata ua moja la asumini. Bwana huyohuyo baadaye akawa kipenzi chake, ndiye anayetengewa minofu ya samaki. Lakini habari ya kikuba hatukuwahi kuizungumza, miaka ishirini na sita.

Mama alitaka miche aione kwa macho yake, basi ikabidi iote pale anapokaa, chumba cha ndani. Nyumba zetu za mawe kuta zake ni nene, na chumba hicho hata saa saba mchana unatafuta sindano kwa tochi. Binti yangu akaagiza kwa simu taa ya LED ya kukuzia miche. Ikaja na basi hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, nikavuka kuifuata, nikarudi nimeipakata kwenye boti kama keki.

Katika boriti ya chumba hicho pana kulabu iliyowekwa enzi za karabai. Kila taa iliyofuata iliangikwa papo hapo, nami nikaiangika hii papo hapo. Haikunipitikia kuwa taa yaweza kukaa penginepo. Chumba kizima kikawa zambarau, na jirani akapiga hodi kuuliza kama tumefungua saluni.

Nilipanda nusu ya mbegu, zikachipua siku ya tano. Nikatamba. Wiki mbili baadaye miche ilikuwa mirefu, myembamba kama uzi, imelaliana kwenye trei. Mama aliitazama, kisha akatazama dari.

"Taa i yuu, mmea u tini," akasema. "Vitaonana vipi?"

Nilikasirika, hasa kwa kuwa alisema kweli. Nikapanda nusu ya mwisho, na mimi nikishaambiwa kitu hukipitisha mpaka: zilipochipua, taa niliishusha kwa kamba ya neti mpaka ikabaki upana wa kiganja juu ya majani. Siku tatu tu, ncha zikawa nyeupe na majani yakajikunja. Kila nilipoamka mche mwingine ulikuwa umekauka. Nilikwenda jikoni nikalia, wala sioni haya kusema. Niliona ninamnyima mwanangu kilekile nilichonyimwa mimi.

Mama akaniita nimshike ainuke. Akapeleka mgongo wa mkono juu ya majani yaliyobaki, vile alivyozoea kupima moto wa tanuri la mofa kabla ya kubandika mkate, akauondoa upesi.

"Ukiungua mkono, na mmea huungua. Vuta kamba."

Nikavuta. Mkono akaurudisha, akaniambia nivute tena, na tena, mpaka mkono ukatulia pale bila kuona joto. Nikapima: shibiri mbili kasoro vidole viwili. Nikafunga fundo. Tangu siku hiyo, kila miche ilipopanda kidogo alipima upya na kuniamuru kamba ipande nayo, nami nikavuta. Majani mapya yalitoka mabichi na mapana, na chumba kikaanza kunukia.

Ilipona miche minne. Mama akagawa mwenyewe: miwili ya bibi harusi, miwili iachwe itoe mbegu, na atakayeigusa hiyo ya mbegu atamjua yeye ni nani.

Asubuhi ya harusi alikaa na sinia la asumini na maua ya mkadi, akafunga kikuba cha mjukuu wake taratibu, uzi mdomoni. Binti yangu akambusu mkono. Nilipoingia chumba cha ndani kuzima taa nikaona mmoja wa ile mirehani ya mbegu umekatwa, kimebaki kishina. Nikatoka mbio kuuliza ni nani aliyethubutu.

Mama alikuwa bado amekaa palepale. Kiganjani alikuwa na kikuba cha pili.

"Hiki ni chako," akasema. "Siku ile sikukupa."

Nikainama ili anifikie kifuani, akanibandika kwa pini.