Ukuta Uliozaliwa na Mvi

Nyuma ya nyumba yangu, hatua chache kutoka barabara ya Ndia Kuu, kuna kiwanja kidogo ambacho kwenye ramani ni changu chote. Upande wa pili wa kiwanja hicho ni mlango wa nyuma wa ndugu yangu wa kunyonya. Mamake aliugua sana alipomzaa, mama yangu akatunyonyesha sote wawili, na kwa sheria ya dini tukawa ndugu. Ingawa ni mwanamke, hajapata kujitanda mtandio mbele yangu, maana ndugu hafichwi uso. Alikuwa akikipita kiwanja kile apendavyo, kutoka mlangoni kwake hadi kwenye kichochoro cha ubavuni kwangu, na katika umri wetu wote sijamsikia akipiga hodi. Hodi ni ya wageni.

Figo zake ziliposhindwa kazi, njia ile ikawa ya lazima. Mlango wake wa mbele unatokea kwenye ngazi za mawe zilizolika, na chini yake hapafiki gari lolote. Tuktuk ya kumpeleka hospitali kusafishwa damu husimama kwenye mdomo wa kichochoro changu. Basi mwanawe, ambaye huniita mjomba, alikuwa akimsukuma kwenye kiti cha magurudumu kupitia kiwanjani kwangu alfajiri, na kumrudisha mchana akiwa hoi.

Pampu yangu ya maji ikaibwa. Nikawaambia watu nataka ukuta kwa ajili ya wezi, na hiyo ilikuwa sababu ya mdomoni. Ya moyoni ni kwamba nilikuwa nimechoka. Nilichoka kuamshwa na magurudumu, nilichoka na mlango wa kichochoro kuachwa wazi, nilichoka na wageni wa mgonjwa wanaokatiza mbele ya jiko langu nikiwa na msuli kiunoni na fulana. Mzee akichoka na jirani mgonjwa hutafuta mwizi wa kumsingizia.

Katika Mji wa Kale hujengi ukuta bila kibali. Watu wa ofisi ya majengo ya kale huja, hupima, huuliza utatumia mawe gani, na kabla ya yote hutaka jirani unayepakana naye akubali kwa sahihi yake. Jirani mwenyewe ndiye huyo. Ningemwambiaje: tia sahihi hapa, nikuzibie njia ya kwendea hospitali? Sikuthubutu. Nikangoja Idi. Ofisi zilifungwa, na yeye, pamoja na mwanawe, akavuka Feri kwenda kukaa kwa bintiye Likoni, ambako kuna hospitali ya karibu ya kumhudumia. Nikamwita fundi.

Fundi ni mtu wa bara ya Kilifi, hodari na mwenye mdomo. Alipoweka tofali la kwanza la saruji aliuliza, "Mzee, kibali kiko?"

"Kiko njiani."

"Kinatoka Makka?"

Nikamwambia ajenge, asinichezee. Ukuta ulipofika juu ya kichwa cha mtu nikamtaka aupake chokaa, kisha aupitishie maji ya majivu na masizi ya jikoni, ufanane na kuta kongwe za jirani. Alirudi nyuma kuutazama, brashi mkononi. "Nimeona watoto wakizaliwa na meno," akasema, "lakini huu umezaliwa na mvi."

Nilicheka. Leo siwezi kukumbuka kicheko kile bila kuona haya.

Ndugu yangu aliporudi kutoka Likoni, mwanawe alikuwa wa kwanza kuuona. Alipiga kelele nikamsikia kutoka upande wa pili: "Mama! Njoo uone alichotufanyia mjomba!" Nikaegemea ukuta upande wangu, chokaa ikaniganda shatini.

"Ndugu yangu," sauti yake ikasema, karibu sana, kana kwamba tumekaa kiti kimoja. "Upo hapo?"

"Nipo."

"Kwani nilikukosea nini?"

"Ni wezi, dada. Wameniibia pampu."

"Na mimi nimekwenda nayo Likoni, ile pampu?"

Nikamwambia nitatoboa mlango. Nikaapa. Nilisema kabla siku yake ya hospitali haijafika atakuwa na mlango, na ufunguo nitampa yeye. Nilikusudia kweli. "Inshallah," akasema, kwa ile namna ambayo watu wa kwetu hulisema neno hilo wanapokuwa hawakuamini.

Kesho yake mkaguzi wa ofisi ile akabisha hodi. Sijui nani alimpasha habari, wala si muhimu. Alikuwa kijana mpole, mwenye adabu, alisalimu salamu ndefu na kuuliza hali ya nyumbani. Kisha akauliza ukuta umejengwa lini. Akanieleza bila kuinua sauti kwamba ukuta mpya usio na kibali huvunjwa kwa gharama ya mwenyewe, na mwenyewe hupelekwa mahakamani. Kama ni ukuta wa zamani uliotiwa chokaa tu, hilo ni jambo jingine.

Kwa maneno hayo mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yangu nami nikaingia. "Ni wa zamani," nikasema. "Nimeutia chokaa tu kwa ajili ya Idi."

Aliupitisha mkono juu yake. Masizi yakabaki vidoleni mwake. Akavitazama vidole, akanitazama mimi. "Mzee, jirani yako yupo?"

Tulizunguka, tukapanda zile ngazi za mawe. Ndugu yangu alikuwa ameketi ukumbini, mkono wake wenye mshipa wa kusafishia damu umelazwa juu ya mto. Mwanawe alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Mkaguzi akauliza, "Mama, ukuta huu wa nyuma ulikuwapo siku zote?"

Nilijua jibu lake lilikuwa na uzito gani. Akisema haukuwapo, nitapelekwa mahakamani na njia yake itarudi. Akisema ulikuwapo, mimi nitaokoka. Mwanawe akafungua kinywa. Mamake akamnyamazisha kwa mkono ule mmoja mzima.

"Huyu ni ndugu yangu," akasema. "Muulize yeye."

Wote wakanigeukia. Dirisha lilikuwa wazi, nikasikia mwenye mkokoteni wa maji akipita chini huku akiwafokea paka. Ningeweza kusema ukweli pale. Palikuwa na nafasi ya kutosha. Nikasema, "Ulikuwapo."

Ndugu yangu hakunitazama tena.

Tulipotoka, nikamuuliza mkaguzi, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, iwapo naweza kutoboa mlango mdogo. Akasimama kwenye ngazi. "Mzee, si umesema ni wa zamani? Ukuta wa zamani hapa hauguswi. Si mlango, si tundu la mfereji. Mpaka kibali kipatikane, na kwa kuta za kale kibali huchelewa." Akautia ukuta wangu wa tofali za saruji katika orodha ya kuta za kulindwa, akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Siku ya hospitali ikafika. Nilisimama dirishani kwa juu, mahali ninapoweza kuziona ngazi zake. Mwanawe alishika kiti mbele, dereva wa tuktuk akashika nyuma. Kulikuwa kumenyesha na mawe yaling'aa. Kila ngazi walipumzika.

"Polepole," nikamsikia ndugu yangu akisema. "Mimi si gunia la mchele."

"Gunia lingekuwa jepesi, mama," dereva akasema, naye ndugu yangu akacheka kidogo.

Katikati ya ngazi mguu wa mwanawe ukateleza. Kiti kikainama upande, mamake akajizuia kwenye ukuta wa ngazi kwa mkono wake, mkono ule ule wa mshipa, nikamsikia akiliita jina la Mwenyezi Mungu. Hakuanguka. Dereva alimdaka kwa kifua. Lakini damu ilipita kwenye bendeji ya mkono ule, na hospitali, nilivyoambiwa baadaye, hawakuweza kuutumia mshipa ule siku ile. Ilibidi wamtoboe shingoni kupitishia damu.

Sikukaa kungoja kuambiwa. Nilivaa kanzu, nikashika kofia mkononi, nikaenda ofisini kwao. Yule mkaguzi alikuwa akinywa chai.

"Ukuta ni mpya," nikamwambia kabla ya salamu. "Nilikudanganya. Ndani ni saruji tupu. Njooni muuvunje."

Aliweka kikombe chini. "Mzee, wajua unachokisema? Nilikwisha kuuandika kwa neno lako."

"Ndiyo sababu nimekuja na neno jingine."

Haikuwa rahisi hivyo. Kuuondoa ukuta kwenye orodha kuligharimu safari nyingi kuliko kuuingiza. Mkubwa wake alitaka ushahidi, wengine wakanitazama kama mzee aliyeanza kupotewa na akili. Wakati wote huo, kila siku ya hospitali, kiti kilishuka ngazi zile, nami nilisimama dirishani maana niliona sina haki ya kutotazama. Mahakamani nilikiri, nikatozwa faini, nikalipa.

Fundi aliporudi na nyundo aliupigapiga ukuta begani kama rafiki. "Masikini," akasema. "Mvi zote hizi, kumbe amekufa kijana." Sikucheka. Alivunja hadi adhuhuri, nami nikabeba vifusi kwa karai mpaka mwana wa ndugu yangu akatoka, akanipokonya karai, akaendelea yeye.

Alfajiri iliyofuata niliamka mapema. Nilifagia kiwanja, nikaondoa kila kijiwe ambacho gurudumu lingeweza kukikanyaga, nikafungua mlango wa kichochoro mwenyewe, nikasimama kando. Mlango wa nyuma wa ndugu yangu ukafunguka. Kiti kikaja, kri, kri, hadi pale ulipokuwa ukuta, ambapo umebaki mstari mweupe wa chokaa chini.

Pale akauinua mkono, na mwanawe akasimama.

"Hodi," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Njia ilikuwa wazi kabisa mbele yake, pana kuliko zamani. Akangoja, amejitanda mtandio mpaka machoni.

"Hodi hapa," akasema tena, kwa adabu kamili, kama mgeni.

"Karibu," nikajibu, na ndipo akapita.