Walinzi Wanne wa Komeo

Mtu ninayetaka mumjue ni mlinzi wa ghala la vigae. Wenzake walimpa jina la Komeo, kwa sababu akishakaa getini hapiti mtu. Kazini maneno yake kutwa nzima ni mawili tu: "Fungua buti." Ndiyo maana Jumamosi mchana, akiwa nyumbani, huyamwaga yote aliyoyabana wiki nzima.

Kuna mchezo anaouongoza. Yeye husimulia ngome, mapango na mazimwi. Mkewe na shemeji yake, fundi wa kuchomelea, husema watu wao wa kubuni wanafanya nini. Kisha dadu ya pande ishirini huamua kama wameweza; mwenye namba kubwa ndiye hushinda. Wanachezea kwenye meza ambayo mkewe huitumia kupigia pasi nguo za watu. Mguu mmoja wa meza hiyo ni mfupi, kwa hiyo kila dadu ikitua huzuka kesi.

Mchezoni mkewe ni Unyoya, mwizi wa kunyata. Taabu ni kwamba hajawahi kunyata akafika.

"Kumi na saba!" alishangilia siku ile.

"Vizuri sana," akasema Komeo, akawarushia walinzi wa ngome mmoja mmoja. Nne. Tisa. Kumi na moja. Kumi na tisa. "Nani hapo!"

"Shemeji, acha hizo!" fundi akaruka. "Yeye anarusha mara moja, wewe mara nne. Utakosaje mmoja wa kumwona?"

"Walinzi wanne, macho manane. Hii ndiyo kazi yangu, utanifundisha wewe?"

Ilikuwa mara ya tano Unyoya kukamatwa. Mkewe akachomeka pasi. "Baba, nisikilize. Jumamosi ijayo wakimkamata tena, wanamnyonga. Wakimnyonga, meza yangu naichukua. Nina mashuka ya watu."

Komeo akacheka, lakini chai ilimpalia. Bila meza ile, nani mwingine angekaa kumsikiliza?

Jumanne akasahau chakula nyumbani. Saa sita mchana alikuwa getini, ameinamia ramani ya ngome aliyokuwa akiichora, mara kontena la chakula likatua mbele yake.

"Asante," akasema bila kuinua kichwa.

Kikafuata kipande cha kigae, juu ya ramani, palepale kwenye chumba cha hazina.

"Hiki nimekitoa kule ndani kabisa, kwenye vilivyovunjika," ikasema sauti ya mkewe. "Haya mlinzi, umepata ngapi?"

Komeo akawageukia wenzake watatu wa getini, yaani wa daftari la wageni, wa kioo cha kukagulia magari na wa kizuizi, macho yamemtoka.

"Nilidhani wa kioo amemwona," akasema wa daftari.

"Mimi naangalia chini ya magari," akasema wa kioo. "Shemeji ana magurudumu?"

"Mimi nilimwona," akasema wa kizuizi, "ila nyinyi mlivyonyamaza, nikajua mmemruhusu."

Komeo akataka kuwafokea, akaikumbuka ile asante yake, akaikunja ramani.

Jumamosi akatangaza: "Sheria mpya. Walinzi wakiwa wengi, wanarusha dadu moja kwa kundi zima."

"Hata wakiwa mia?" akauliza fundi.

"Hata mia. Kila mmoja anamwachia mwenzake kuangalia."

"Umeyatoa wapi hayo, shemeji?"

"Uzoefu wa kazi."

Mkewe akashikwa na kikohozi cha ghafla.

Unyoya akarusha. Tatu.

"Tatu!" fundi akajishika kichwa. "Dada, unanyata au umevaa kengele?"

Komeo akachukua dadu ya walinzi, akaifumbata. Nawaambia, sijapata kusikia mlinzi akiomba hivyo asione. Akarusha. Dadu ikaviringika hadi ukingoni, ikaegemea kikombe, haijulikani imelalia wapi.

"Mbili hiyo!" akapiga kelele fundi.

"Hapana," mkewe akasema. "Sitaki kupita kwa kesi." Akachomoa kile kipande cha kigae mfukoni, akainama, akakisukuma chini ya mguu mfupi. Meza ikatulia. "Rusha tena."

Komeo akarusha. Mbili.

Basi, kwa mara ya kwanza tangu aanze kulinda mageti, mtu yule akalisema neno ambalo hakuwahi kulisema.

"Pita, mama."