Tangu nifike London, hakuna aliyenigusa kichwa

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioko nyumbani na sisi tuliotawanyika.

Hii ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Nitaisema ilivyokuwa.

Mimi ni Mmasai wa Longido. Nasomea ukunga hapa London, naishi Walthamstow kwa dada mmoja Mkenya, Wambui, nesi wa siku nyingi.

Nililetwa na chuo kilichokuwa kinatafuta vijana wa jamii za asili wasomee afya. Wamasai, Wahadzabe, wenzetu kama hao.

Sababu yangu ya kukubali ilikuwa moja tu. Zahanati ya kwetu wamama wanajifungulia mikononi mwa watu wasiojua Kimasai hata neno. Mama alipomzaa mdogo wetu wa mwisho, mimi nilisimama nje ya dirisha namtafsiria nesi. Nilikuwa mtoto, maneno mengine hata sikuwa nayo.

Sasa kwenye kututafuta, chuo kiliijua kazi yake. Simu, viza, picha yangu na shanga zangu zote ikawekwa mbele kabisa kwenye website.

Nilipofika, support ikawa email. "We are here if you need us." Utamjibu nini mtu wa hivyo? Nilichohitaji ni nyumbani.

Ngoja niwaeleze kitu ambacho wasio Wamasai huenda hamkijui. Kwetu kijana hamsalimii mtu mzima kwa kumpa mkono. Unainamisha kichwa mbele yake, anakuwekea kiganja utosini, anakuamkia, unaitika, kila mtu anaendelea na yake. Ukitoka bomani kwenda kisimani unaguswa na watu wazima chungu nzima, na wala hukumbuki.

Siku ya kwanza chuoni nikatambulishwa kwa mwalimu wetu, mama wa makamo, mvi zimemjaa. Nikainama.

Yule mama akadhani naanguka. Akaniletea kiti, akaniletea maji, akanipima presha mbele ya darasa zima. Presha ilikuwa nzuri tu.

Wenzangu wakanihurumia, na hilo ndilo lililoniuma. Toka siku ile nikawa natembea shingo wima, kama mtu aliyefungwa plasta ngumu ya shingo.

Baridi niliizoea. Chakula pia. Hili la kichwa likanishinda.

Kuna siku nimekaa kwenye basi la kwenda Stratford, mzee mmoja kasimama pembeni yangu kashika bomba. Mkono wake uko karibu kabisa na utosi wangu. Nikajikuta naomba dereva afunge breki, ule mkono uniguse. Mnaotaka kucheka chekeni, lakini hali yangu ilishafika hapo.

Masomo sikuwa nafeli. Nilikuwa nakauka tu. Mwisho nikamwambia Wambui narudi nyumbani.

Alikuwa anakaanga sukuma wiki, hata hakugeuka. "Sawa, rudi. Na hao wamama wenu, wataendelea kutafsiriwa na watoto dirishani?"

Akapunguza moto. "Maliza hii placement ya Southall kwanza, halafu tutaongea."

Basi Southall tulikuwa tunazunguka majumbani kuwaona waliojifungua, mimi na mkunga anayenisimamia. Nyumba moja ilikuwa ya Wahindi, Wapunjabi. Tukampima mtoto, tukamwangalia mama yake, wote salama. Pembeni kuna bibi mkongwe kajifunika shali, ananikazia macho. Akaniuliza kwa Kiingereza natoka wapi. Nikamwambia Longido, Umasaini.

"Wewe Mmasai?" akasema. "Mimi zaliwa Nakuru."

Kiswahili chake cha dukani kabisa, wakuu, lakini kiliniingia mpaka tumboni.

Wakati wa kuaga nikamsogelea, na kichwa kikainama chenyewe. Sikupata hata nafasi ya kukizuia. Nikafumba macho nasubiri kiti na maji.

Ukaja mkono. Mwepesi, unanukia kitunguu saumu. Ukatulia pale utosini.

"Kwetu pia iko hivi," akasema. "Watoto ya hapa iko haraka sana, hapana ngoja mkono."

Nililia nikiwa na uniform, mzani wa mtoto mkononi. Mkunga wangu akaniuliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa, na ilikuwa kweli.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda kwa yule mwalimu wa presha, nikamweleza yote. Uso ukamwiva. Halafu akauliza, mwingine akija toka kwenu, atahitaji nini? Nikamwambia, mtu mzima. Siyo email, siyo mwanafunzi mwenzake. Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kuongea na familia ya yule Bibi wa Southall, wakakubali awe anatupokea.

Juzi juzi akaja mwanafunzi mpya, binti wa Simanjiro, Nalepo. Nikampokea Heathrow. Aliponiona tu, akainamisha kichwa.

Tumepishana miaka michache, kwetu mimi sina haki hiyo. Nikachukua begi lake nikamwambia asubiri kidogo.

Hosteli hatukwenda. Tulipanda treni ya Elizabeth line tukashuka Southall. Bibi alikuwa mlangoni na fimbo yake. Nalepo akainama, mkono ukashuka, na yule binti akashusha pumzi ambayo nadhani aliibeba toka Simanjiro.

Mimi nimesimama nyuma na begi, naangalia tu.

Bibi akanitazama. "Na wewe? Weka begi chini."

Nilichojifunza ni kidogo. Ukimwita mtoto wa watu aje kusoma mbali, jua kwanza ni nani atakayemwekea mkono. Picha na viza havitoshi. Na bado mkono wa Bibi si mkono wa mama yangu. Nikiwa pale chini yake ndiyo namkumbuka mama zaidi.

Mlioko mbali, semeni na nyie. Ni kitu gani mlikuwa mnafanyiwa nyumbani kila siku, na leo hamna wa kuwafanyia?